Tangi la gari la zamani lisizibwe pumzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niijibu barua ya msomaji mwenzangu wa Lindi, iliyotoka hivi karibuni katika gazeti lako, ambayo ilitoa ushauri kwa wenye magari ya zamani wanaosumbuliwa na harufu ya petroli ndani ya gari. Ndugu yangu huyo alieleza kuwa tundu dogo lililopo kwenye mfuniko wa tangi ndilo linalotoa harufu, na kwamba mtu akiliziba kwa gundi ya chuma, au akafunika mdomo wa tangi kwa nailoni kabla ya kukaza mfuniko, tatizo linakwisha siku hiyohiyo. Nakubaliana naye kwamba harufu hupungua. Mengine yote sikubaliani nayo, na kwa kuwa huku Mtwara nimekwisha kuyaona magari yaliyofanyiwa hivyo, naona si vyema ushauri ule ubaki bila kujibiwa.

Katika mikoa yetu hii magari ya aina hiyo bado yanafanya kazi. Land Rover za Series II na Series III, ambazo zilitengenezwa tangu mwaka 1958 hadi 1985, bado zinashusha korosho kutoka Newala na Tandahimba, na Toyota Land Cruiser za FJ40 bado zinaonekana kwenye barabara za udongo za Nachingwea. Wapo pia wanaoyatunza magari haya kwa mapenzi tu, na siwalaumu, kwani aliyekua miaka ya sabini hawezi kuisahau Peugeot 504 iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1975 na kurudia mwaka 1978. Yale yanayotumia petroli yana jambo moja la kufanana: yana kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na tangi lake lilibuniwa wakati ambapo mvuke wa mafuta uliachwa utoke moja kwa moja hewani. Marekani ndiko walikoanza kulazimisha mvuke huo uzuiwe, California katika magari ya toleo la mwaka 1970 na nchi nzima katika toleo la mwaka 1971. Gari ambalo halikutengenezwa kwa ajili ya soko hilo kwa kawaida halina kifaa cha kuuzuia mvuke. Lina bomba la kupumulia au tundu la mfuniko, basi.

Tundu hilo lina kazi mbili, na zote mbili ni za lazima. Ya kwanza ni kuingiza hewa. Pampu inapovuta petroli kuipeleka kwenye kabureta, nafasi iliyoachwa ndani ya tangi lazima ijazwe na kitu, na kitu hicho ni hewa ya nje. Kila mpishi anajua kuwa kopo la maziwa ya maji lililotobolewa tundu moja halimimini sawasawa mpaka litobolewe la pili. Tangi lililozibwa halina hilo tundu la pili, kwa hiyo hewa iliyomo ndani inazidi kuwa nyepesi huku hewa ya nje ikilikandamiza bati kutoka pande zote. Watu hudharau nguvu ya hewa kwa sababu haionekani. Chukua tangi lenye ubavu wa sentimita 50 kwa 50, kisha upunguze mgandamizo wa ndani kwa sehemu moja tu ya ishirini ya hewa ya kawaida: ubavu huo utakuwa umebeba zaidi ya kilo 120. Bati la tangi lililokula kutu kwa miaka arobaini ya upepo wa chumvi halikutengenezwa kubeba mzigo huo, tena ubebwe na kutuliwa kila siku.

Kazi ya pili ni kutoa hewa, na hii ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa pwani. Petroli hutanuka kwa joto, takribani sehemu moja kwa elfu kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Mafuta ya sheli hutoka kwenye matangi yaliyofukiwa ardhini ambako kuna ubaridi. Mtu akijaza lita 50 hadi mdomoni, kisha akaliegesha gari juani pale Mikindani mpaka tangi lipate nyuzi 20 zaidi, lita nzima inatafuta mahali pa kwenda. Zaidi ya hayo, sehemu nyepesi za petroli huanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hivi, joto ambalo tangi lililo chini ya gari lenye injini ya moto hulifikia bila taabu mwezi wa Novemba. Mvuke unaozaliwa hapo usipopata pa kutokea hurudi kusukuma petroli kwenye mpira wa kuelekea kwenye kabureta, ukaishinda sindano inayodhibiti mafuta, na mafuta yakamwagika juu ya injini iliyozimwa muda mfupi uliopita. Mwenye gari husikia harufu kutoka mbele, akamwita fundi wa kabureta, kumbe ugonjwa uko nyuma.

Nitoe mfano mmoja. Land Rover ya Series III, ile fupi, ililetwa kwangu kutoka Nanyamba ikiwa na lalamiko kwamba inazima ikiwa njiani, ikipumzishwa inawaka, kisha inazima tena. Ilikuwa imekwisha kubadilishiwa pampu, kabureta imefunguliwa na kuoshwa, na koili mpya imefungwa. Nilipolegeza mfuniko wa tangi hewa ilivutwa ndani kwa mluzi mrefu uliowafanya vijana wa gereji wageuke. Tundu la mfuniko lilikuwa limejazwa gundi ya chuma, tena kwa ustadi, hata limepigwa msasa. Tuliposhusha tangi, ambalo katika gari hilo hukaa chini ya kiti cha dereva, tulikuta sehemu yake ya chini imebonyea kuelekea ndani, na karibu na kona ya mshono palikuwa na ufa usioonekana kwa macho. Niliupata kwa kupaka chaki ya ubaoni kwenye mshono wote na kusubiri; chaki ikalowa kwa mstari mmoja wa kahawia wenye urefu wa kidole. Yaani tundu lililokuwa limewekwa na kiwanda, juu na nje ya gari, lilikuwa limezibwa, na badala yake limepatikana jingine chini ya makalio ya dereva.

Ushauri wangu basi ni kwamba tangi liachwe lipumue, ila pumzi yake ielekezwe nje ya gari, na itafutwe sehemu inayovujisha mvuke ndani. Harufu yenyewe humsaidia anayejua kuiuliza. Ikija mara tu baada ya kujaza mafuta na kupungua tangi likifika nusu, kasoro iko juu ya tangi: kwenye mpira mnene wa kujazia, kwenye mpira mwembamba wa kupumulia unaopita kando yake, au kwenye gasketi ya geji ya mafuta. Ikiwa ipo wakati wote, hata tangi likiwa robo, itazamwe njia nzima ya mafuta hadi kwenye pampu. Ikitokea baada ya kuzima injini yenye moto na kutoweka baada ya nusu saa, huo mara nyingi ni mvuke wa bakuli la kabureta, nao kwa magari haya ni kawaida kwa kiasi fulani. Ikija gari likiwa katika mwendo huku mlango au dirisha la nyuma likiwa wazi, huenda hewa inayozunguka nyuma ya gari ndiyo inayoirudisha ndani pamoja na moshi wa injini, na hapo kuna hatari nyingine ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo dirisha la nyuma lifungwe na sili za mlango zibadilishwe.

Gasketi ya geji ndiyo niliyoikuta na kosa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote. Ukiondoa kifuniko cha bati kilicho chini ya mto wa kiti cha Land Rover, au zulia la buti ya mbele ya Volkswagen Beetle ambayo tangi lake liko huko mbele, utaona sahani ya mviringo iliyofungwa kwa skrubu kadhaa juu ya tangi. Chini yake kuna gasketi, ambayo ya asili aghalabu ilikuwa ya kizibo au mpira. Ikikauka hujikunja na kuacha nafasi, na pembezoni mwa sahani hubaki duara la vumbi lililoshikana na lenye rangi ya chai. Duara hilo ni ushahidi wa kutosha. Mafundi wengi hukimbilia silikoni ya kawaida ya kubana mabomba, jambo ambalo naomba liachwe kabisa, kwa sababu petroli huilainisha silikoni hiyo ikavimba na kumeguka, na nyuzinyuzi zake huishia kwenye filta na kabureta. Ikatwe gasketi mpya kutoka kwenye karatasi au mpira unaostahimili petroli, na skrubu zikazwe kwa kuzungukia pande zinazotazamana ili sahani isipinde. Tena, katika baadhi ya matangi matundu ya skrubu hutoboka hadi ndani, kwa hiyo kila skrubu nayo huhitaji kizuizi chini ya kichwa chake.

Kuhusu mipira, tatizo letu ni soko. Mtu akienda dukani akaomba mpira wa petroli hupimiwa unene tu, na mara nyingi hupewa mpira mweupe wa plastiki unaoonyesha mafuta yakipita, ambao unapendeza siku ya kwanza na kukakamaa kwa joto la injini muda si mrefu. Mpira wa kweli wa mafuta huandikwa ubavuni. Alama ya SAE 30R7 (SAE ni chama cha wahandisi wa magari kinachoweka viwango) inafaa kwa magari ya kabureta, kwa mafuta na kwa mvuke. 30R9 ni bora zaidi kwa kuwa ina utando wa ndani unaopitisha mvuke kidogo sana, nayo hutumika hata kwenye magari ya kisasa yanayopuliza petroli kwa sindano za kielektroniki badala ya kabureta. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo uliokusudiwa kuzamishwa ndani ya tangi, kwani upande wake wa nje haukutengenezwa kukutana na petroli. Asiyeona maandishi yoyote kwenye mpira asiununue, hata akihakikishiwa na muuzaji kuwa umetoka Dubai juzi.

Mfuniko nao unastahili kuangaliwa. Wauzaji hutafuta unaoingia kwenye mdomo wa tangi, wakishaona umekaza wanahesabu kazi imekwisha. Lakini kuna mifuniko inayopumua na isiyopumua, na iliyo bora kwa gari la zamani ni yenye vali ndogo ambayo huruhusu hewa kuingia wakati wowote na mvuke kutoka pale tu unapozidi kiasi. Mfuniko wa namna hiyo hupunguza harufu bila kulinyima tangi pumzi, na kwa maoni yangu ndiyo fedha ya kwanza ambayo mwenye gari angepaswa kuitoa. Usiopumua kabisa unafaa tu pale ambapo tangi lina bomba jingine la kupumulia lililo wazi.

Bomba hilo, kama lipo au likiongezwa, lipande kwanza juu kuliko usawa wa mafuta tangi likiwa limejaa, ndipo lishuke na kuishia chini ya gari, nje ya bodi, mbali na bomba la moshi. Lisipopanda kwanza, gari likiegeshwa kwenye mteremko litamwaga mafuta kupitia humo. Mdomo wake ufunikwe kwa wavu mwembamba wa waya, kwa sababu sisi tuna adui ambaye vitabu vya magari vya Uingereza havimtaji, naye ni nyigu wa udongo. Mdudu huyu akiona bomba jembamba lililotulia huliziba kwa udongo akataga humo, na gari lililokaa uani msimu mzima wa masika huamka likiwa na tangi lisilopumua bila mtu yeyote kulipaka gundi. Asidhani mtu kuwa ni jambo la magari chakavu ya Mtwara peke yake: mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyarudisha gereji magari takribani 65,000 ya aina ya Mazda6 huko Amerika Kaskazini kwa sababu buibui walikuwa wakijenga utando katika bomba la kupumulia, hali iliyoweza kulifanya tangi lipasuke. Kulisafisha, bomba lichomolewe kwanza kwenye tangi, kisha lipulizwe kwa pampu ya baiskeli. Upepo wa kompresa usipulizwe bomba likiwa bado limeunganishwa.

Wapo wanaouliza kama wanaweza kufunga kopo la mkaa kutoka kwenye gari la kisasa lililochinjwa. Inawezekana. Kopo hilo hunasa mvuke gari likiwa limesimama, na injini ikiwaka huunyonya mvuke huo na kuuchoma. Ila lazima liunganishwe na njia ya kunyonya ya injini, la sivyo likishajaa halifai tena, na mkaa wake ni ule uliotayarishwa maalumu viwandani. Mkaa wa namna hiyo hutengenezwa hata kwa vifuu vya nazi, ambavyo sisi tunavitupa, lakini mkaa wa jikoni hauwezi kazi hiyo.

Sasa niseme kwa nini nalishikilia jambo hili ambalo wengine huliita harufu tu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai. Hutambaa sakafuni mwa gari, hushuka chini na kutafuta bonde. Katika nyumba zetu nyingi gari huegeshwa uani, hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, hivyo Mtwara hakuna saa ya usiku wala ya mchana ambayo haitoi. Ndani ya mvuke huo kuna benzini, kemikali ambayo imethibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na wanaoivuta zaidi ni watoto wanaokaa nyuma. Dereva hawezi kuwa shahidi mzuri, kwa maana pua huzoea harufu baada ya dakika chache, na ndiyo sababu abiria mgeni hulalamika kichwa kinamuuma wakati mwenye gari anaapa kuwa hasikii kitu.

Hatari kubwa kuliko zote iko kwa vijana wanaochomelea matangi. Nimewasikia wakisema tangi limekaushwa, limelala juani, halina kitu. Petroli ya maji haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke uliochanganyika na hewa, ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi. Katika tangi la lita 50, kiwango hicho cha chini hufikiwa kwa petroli isiyojaa hata kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho hujificha ndani ya kutu au kwenye mkunjo wa mshono bila kuonekana. Tangi tupu basi ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Kuliacha wazi juani hakutoshi. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni mara kadhaa, na wakati wa kuchomelea lijazwe maji, ibaki nafasi ndogo tu pale panapochomelewa, nayo iwe na mahali pa kutolea hewa. Na kama bati limeliwa pande nyingi, linunuliwe au lifinyangwe tangi jipya, kwa kuwa kiraka juu ya kutu hakidumu.

Kuna mambo mawili ninayoyaomba kwa wahusika. Vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi viwafundishe vijana wa ufundi magari namna tangi linavyopumua, tena kwa kutumia magari ya kabureta yaliyopo mitaani, maana kijana anayehitimu akiwa amezoea mfumo wa kielektroniki huiona kabureta kama kitu cha makumbusho, ilhali mteja wake wa kwanza atatoka Masasi na Land Rover. Na askari wa usalama barabarani, wanapokagua magari katika Wiki ya Nenda kwa Usalama, wakishamaliza breki, taa na matairi, waombe pia kuona mfuniko wa tangi. Kitambaa kilichosokomezwa mdomoni mwa tangi badala ya mfuniko kiwe sababu ya kutosha ya kulizuia gari, na nailoni iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli vilevile. Wahudumu wa sheli nao wasikubali kumwongezea dereva anayetaka aone mafuta kwa macho. Bomba likijikata lenyewe, wakomee hapo.

Kwa wale ambao wameshaufuata ushauri wa barua ile, nawaomba wasiung'oe mfuniko kwa haraka, wala wasifanye kazi hiyo adhuhuri. Injini izimwe na ipoe kabisa, gari liwe mahali penye upepo, mbali na jiko na sigara. Mfuniko ulegezwe robo mzunguko tu na uachwe hivyo mpaka mluzi uishe, kisha ndipo utolewe. Tundu lililozibwa lisitobolewe kwa drili mfuniko ukiwa kwenye gari. Ukafanyiwe kazi mezani, au heri ununuliwe mwingine. Baada ya hapo tangi lipakwe chaki kwenye mishono yote na kuangaliwa asubuhi ya pili, na gari lisisafiri mpaka chaki ibaki kavu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi mstaafu,
Chikongola, Mtwara